Je, Wajua? Doa la Unyayoni

Je, wajua kuwa ipo saratani ya ngozi isiyongoja jua? Ukimtajia mtu wa Tanga saratani ya ngozi atakujibu kuwa hayo ni maradhi ya Wazungu, au ya ndugu zetu wenye ualbino. Hajakosea sana, ila ameisahau miguu yake. Melanoma ya akrali huota pale ambapo jua halifiki: unyayoni, kisiginoni, kiganjani na chini ya ukucha. Neno akrali asili yake ni Kigiriki na maana yake ni ncha, kwa hiyo ni saratani ya ncha za mwili. Duniani ni nadra. Kwa mtu mweusi ndiyo melanoma ya kwanza kuijua, na safu ya leo nimeitoa yote kwa ajili yake, kwa sababu ni ugonjwa ambao jicho la kawaida linaweza kuuwahi na bado unatuponyoka.

Je, wajua kuwa huanzia kwenye seli zilezile zinazotupa weusi wetu? Zinaitwa melanosaiti, na kazi yake ni kutengeneza melanini. Seli moja ikiasi, ikaanza kujigawa bila kuusikiliza mwili, hapo ndipo pa kuanzia. Aina hii ya nyayo na kucha ilipewa jina lake mwaka 1976 na Richard Reed, mtaalamu wa patholojia wa Marekani. Kitabuni ina miaka 50 hivi. Miguuni mwa watu ilikuwapo siku nyingi.

Je, wajua kuwa mtu mweusi haipati aina hii kuliko Mzungu? Hapa wengi huteleza, hata wanaoandika mambo ya afya. Takwimu za Marekani za kati ya 1986 na 2005 zilionyesha watu weusi na Wazungu wakiipata kwa kiwango kimoja: takriban watu 1.8 katika kila milioni kwa mwaka. Kilichopo ni kwamba Wazungu wana melanoma nyingine nyingi zinazoletwa na jua, na hii ya miguuni inamezwa na wingi huo. Kwao ni sehemu ndogo tu ya melanoma zote. Sisi melanini imetukinga na zile za jua, ikabaki hii. Katika takwimu hizohizo, miongoni mwa Wamarekani weusi ilikuwa zaidi ya theluthi ya melanoma zote.

Je, wajua kwa nini weusi haukingi nyayo? Geuza kiganja chako sasa hivi ukilinganishe na mgongo wa mkono. Umeona: huko weusi ni kidogo.

Je, wajua kuwa Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2.6 katika sensa ya 2022? Tukikopa kile kiwango cha Marekani, tunapata wagonjwa wapya 4 au 5 kwa mwaka kuanzia Handeni hadi Moa. Ni hesabu ya kukadiria tu, tena nchi yetu ina vijana wengi na huu ni ugonjwa wa watu wazima zaidi. Lakini inaeleza jambo kubwa: mganga wa zahanati anaweza kumaliza miaka yake yote ya kazi akiwa ameuona mguu mmoja wa namna hiyo, au hata huo asiuone. Huku kila siku anaona fangasi, sugu, sunzua, vidonda vya kisukari na miiba iliyooza. Akiutibu kama fangasi hafanyi uzembe. Anafanya kile ambacho macho yake yamezoea, na ndiyo maana mwenye mguu naye inambidi ajue.

Je, wajua kuwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, imetuachia picha mbili za kuziweka pamoja? Ni tafiti mbili, zote zilichapishwa mwaka 2012. Ya kwanza iliwatazama wagonjwa 64 wenye ualbino waliougua saratani ya ngozi: robo tatu walikuwa na saratani ya seli bapa, ile ya jua, na melanoma alikuwa nayo mmoja tu. Ya pili iliwatazama wagonjwa 154 wa saratani za ngozi za kila namna, na humo melanoma ndiyo iliyoongoza, na sehemu ya mwili iliyoshambuliwa zaidi ni miguu. Kofia, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni uhai kwa wenye ualbino, ambao Tanzania hukadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila 1,400, na kila anayewanyima anawadhulumu. Ila mafuta hayo hayamsaidii mtu mwenye doa kisiginoni.

Je, wajua kuwa mwaka 1886 daktari wa London, Jonathan Hutchinson, aliipa saratani ya ukucha jina ambalo bibi yako angelielewa papo hapo? Aliiita mdudu wa kidole mweusi. Unamjua mdudu wa kidole: kidole kinavimba pembeni mwa ukucha, kinawaka moto, kinapwita usiku kucha mpaka usaha utoke. Hutchinson aliona vidole vilivyofanana na hivyo lakini usaha hautoki na maumivu ni kidogo, na weusi umevuka mpaka wa ukucha ukaingia kwenye ngozi ya pembeni. Weusi unaovuka mpaka huo bado unaitwa kwa jina lake, na daktari wa ngozi yeyote akiuona hatulii.

Je, wajua kuwa mstari mweusi kwenye ukucha si lazima uwe balaa? Hili nataka lisomwe polepole, maana sitaki mtu akose usingizi. Watu weusi wengi tuna mistari hiyo, na kufikia umri wa miaka 50 karibu kila mmoja ana angalau mmoja. Mistari myembamba, kwenye kucha kadhaa, iliyokaa vilevile miaka nenda rudi, kwa kawaida ni rangi ya asili tu. Unaotakiwa kuonyeshwa daktari ni ule ulio kwenye ukucha mmoja peke yake, hasa dole gumba la mkono au la mguu, umetokea ukubwani, unapanuka, rangi yake haiko sawasawa, au ukucha wenyewe unapasuka juu yake.

Je, wajua namna ya kuitambua damu iliyovilia? Umejigonga na jembe, au ndoo imekuangukia, ukucha umekuwa mweusi. Ukucha wa mguu huota milimita 1.6 hivi kwa mwezi, na ule wa mkono karibu milimita 3. Damu husafiri na ukucha: baada ya miezi michache utaona shina limekuwa jeupe na weusi umesogea mbele, na dole gumba la mguu litamaliza kujisafisha ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Weka alama kwa kalamu au piga picha kwa simu, urudie mwezi unaofuata. Weusi usiosogea, unaoanzia shinani kila siku kama umetoka leo, si damu ya kujigonga.

Je, wajua kuwa melanoma hii ndiyo iliyomuua mwanamuziki Bob Marley? Sura yake imechorwa kwenye vibanda vya vinyozi na migongoni mwa magari pwani nzima, na watu wanajua alikufa kwa saratani. Wachache wanajua kuwa ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu wa kulia. Mwaka 1977 aliumia kidole akicheza mpira, kidonda kikagoma kupona, na uchunguzi ukaonyesha melanoma. Mpira haukuileta. Ulimfanya akitazame kidole. Madaktari walimshauri kikatwe, akakataa, akafanyiwa upasuaji mdogo Miami wa kuondoa ukucha na nyama ya chini yake na kupandikizwa ngozi. Aprili 1980 aliimba kwenye sherehe za uhuru wa Zimbabwe, akiruka jukwaani kwa mguu huohuo. Septemba mwaka huo alianguka akikimbia Central Park, New York. Ugonjwa ulikwisha kufika ubongoni. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981. Alikuwa na miaka 36.

Watu husema alikataa kukatwa kidole kwa sababu ya dini, na msimamo huo ndio uliomuua. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mpaka leo haijathibitika kuwa kukikata kidole chote kunampa mgonjwa wa ukucha miaka mingi kuliko kukata sehemu yenye ugonjwa kwa upana wa kutosha. Kinachoamua zaidi ni kitu kingine: siku ya upasuaji, ugonjwa ulikuwa umechimba kina gani?

Je, wajua kuwa kina hicho hupimwa kwa milimita? Mwaka 1970 Alexander Breslow, mtaalamu wa patholojia wa Washington, alichukua vipande vya melanoma chini ya hadubini akapima unene wake kwa rula ndogo iliyochorwa kwenye lenzi. Alikuta kuwa wagonjwa wake wote waliokuwa na uvimbe mwembamba kuliko milimita 0.76 hawakurudiwa na ugonjwa. Toa kadi yako ya benki uishike kwa ubavu. Unene wake ni milimita 0.76, sadfa tupu. Panga kadi 5: bado hujafika milimita 4, na kuvuka milimita 4 ndilo daraja baya kuliko yote la unene. Yaani safari yote ya kutoka kwenye ugonjwa wa kukatwa na kusahauliwa hadi kwenye ugonjwa wa kumwita ndugu kutoka mbali inaingia kwenye pochi yako. Zaidi ya miaka 50 imepita, mashine mpya zimekuja kwa maelfu, na bado kipimo cha Breslow ndicho cha kwanza daktari wa saratani anachokitafuta kwenye karatasi ya majibu. Wewe au mzazi wako mkiwahi kupewa karatasi hiyo, ulizeni: unene ni milimita ngapi?

Je, wajua namba zinasemaje baada ya hapo? Katika hesabu za kimataifa zinazotumika sasa, melanoma isiyofika milimita 0.8 ambayo haijachimbika kidonda huwaacha hai wagonjwa 99 katika 100 baada ya miaka 5. Ikiingia kwenye tezi namba zinatawanyika: kundi jepesi 93, kundi zito 32. Hizo ni hesabu za Marekani, Ulaya na Australia, wengi wao ni Wazungu waliowahi kisu mapema. Kwa aina ya akrali peke yake, ile hesabu ya Marekani ya 1986 hadi 2005 ilikuta 80 hawajauawa na ugonjwa huu baada ya miaka 5, wakati kwa melanoma zote za ngozi walikuwa 91.

Ila namba inayonigusa zaidi ni ya baadaye. Baada ya miaka 10 wale wa akrali walishuka hadi 67 na nusu, na wa melanoma zote walibaki 87 na nusu. Angalia mteremko huo. Wenzao wamepungua kidogo tu kati ya mwaka wa 5 na wa 10, hawa wamepoteza zaidi ya 12. Mtu aliyekatwa kisigino, akapona, akarudi shambani au baharini, mwaka wa 6 anaona nauli ya kliniki ni hasara. Si hasara. Ugonjwa huu una subira.

Je, wajua kuwa mtoki unajua mambo? Watoto wa pwani tumekua tukiambiwa: ukiona mtoki kinenani, tazama mguu, una kidonda. Wazee hawakuwa na hadubini lakini walilijua bomba. Maji ya mwili kutoka unyayoni hupanda kwenye njia za limfu na kupita kwenye tezi za kinenani, na tezi hizo ndizo zinazokamata vijidudu, usaha, na seli za saratani zilizotoroka. Mtoki wa kidonda cha kawaida unauma na unaondoka na kidonda. Mtoki mgumu kama kokwa, usiouma, usioondoka, na mguuni kuna doa au kidonda cha muda mrefu, huo ni wa kukimbizana nao hospitali.

Mwaka 1992 daktari wa upasuaji wa California, Donald Morton, na wenzake waliigeuza akili hiyohiyo kuwa kipimo. Walidunga rangi ya buluu karibu na melanoma, wakafuata ilikokwenda, wakaitoa tezi ya kwanza iliyopokea rangi na kuichunguza. Tezi hiyo ikiwa safi, kuna uwezekano mkubwa kuwa zilizo nyuma yake ni safi. Jibu la tezi hiyo moja ni miongoni mwa mambo yanayotabiri vizuri mgonjwa atafika wapi.

Je, wajua kuwa mwaka 2017 wagonjwa wengi waliepushwa na mguu mnene? Zamani tezi ya kwanza ikikutwa na ugonjwa, zote za kinenani ziling'olewa. Maji yakakosa njia, mguu ukavimba maisha yote. Tanga haihitaji kuelezwa mguu wa namna hiyo ulivyo. Tunaijua tende, tumeona wazee wakiuburura kutoka barazani hadi msikitini. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliotoka mwaka huo ulionyesha kuwa kuzing'oa zote hakukuongeza uhai wa wagonjwa waliokutwa na ugonjwa kidogo kwenye tezi ya kwanza, ikilinganishwa na kuwafuatilia kwa ultrasaundi. Kwa hiyo wengi sasa hufuatiliwa tu.

Je, wajua kuwa kukata kinyama cha kupimwa maabara hakuisambazi saratani? Neno la kuwa huisambaza limewapoteza watu wengi. Utalisikia kwenye baraza lolote: alikuwa mzima, wakamkata kinyama, ikalipuka. Tafiti zilizowalinganisha wagonjwa wa melanoma waliochukuliwa kipande kwanza na wale waliokatwa moja kwa moja hazikukuta tofauti ya uhai. Kilicholipuka kilikuwa kimeshasambaa, kinyama kikaja kukipa jina. Linalostahili kuogopwa ni kinyama kuchukuliwa halafu kisifike maabara, au kufika kimeharibika. Kinatakiwa kikae kwenye fomalini ya kutosha, mara 10 ya ukubwa wake, na chupa iwe na jina la mgonjwa. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa ana haki ya kuuliza kimepelekwa wapi na majibu yatatoka lini.

Je, wajua upana wa kisu? Melanoma isiyozidi milimita 1 huondolewa pamoja na sentimita 1 ya ngozi nzima kuizunguka. Inayozidi milimita 2, sentimita 2. Kwenye tumbo ni jambo dogo. Kwenye kisigino, sentimita 2 kila upande ni karibu kisigino chote, na mara nyingi ngozi ya kuziba inabidi itolewe sehemu nyingine ya mwili. Mgonjwa atatembelea magongo kwa wiki kadhaa. Lakini atatembea.

Je, wajua kuwa mtu anaweza kutazama matuta na mifereji ya unyayo akajua doa ni la aina gani? Ngozi ya nyayo na viganja imelimwa kama shamba, ndiyo ile alama ya kidole tunayoweka kwenye kitambulisho. Madaktari wa Japani, nchi ambako melanoma nyingi ni za miguuni, walitazama madoa hayo kwa kioo cha kukuza chenye taa. Doa la kawaida huweka rangi kwenye mifereji. Melanoma huweka rangi juu ya matuta. Toshiaki Saida na wenzake walichapisha mwaka 2004 kuwa alama hiyo ya matuta ilikamata melanoma 86 katika kila 100, na mara chache mno ilimsingizia asiye nayo. Walipendekeza pia kuwa doa la unyayo linalozidi milimita 7 lisiachwe bila kuchunguzwa vizuri. Kioo hicho ni kidogo kuliko simu, na vipo vinavyobandikwa kwenye kamera ya simu.

Je, wajua kuwa melanoma nyingine hazina rangi kabisa? Zinakuwa nyekundu au za pinki, kama nyama iliyoota kwenye kidonda. Hizi ndizo zinazochelewa kupita zote. Kanuni ya kushika ni nyepesi: kidonda au kiuvimbe cha mguuni ambacho hakijapona kwa miezi 2, kinatoka damu, kinakua, au hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni nini, kikatwe kinyama.

Je, wajua kuwa kutembea peku kumeshtakiwa tangu zamani? Miiba, mawe, matumbawe. Ushahidi wa kwamba jeraha moja huleta melanoma ni dhaifu. Lakini watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2016 kuwa melanoma za unyayo huota zaidi pale panapobeba uzito, kisigino na mbele ya unyayo, kuliko kwenye upinde usiogusa chini. Kusagwa na kukandamizwa kwa miaka huenda kuna neno. Akina mama wa mwani, wavuvi wa kokoro, watu wa majaruba ya chumvi: viatu vya plastiki vinawakinga na mambo mengi ya hakika, na labda na hili pia.

Je, wajua kuwa Kampala iliigusa tiba ya leo miaka mingi kabla ya dunia? Hapa naomba dakika moja zaidi, maana ni habari yetu na haisimuliwi. Miaka ya 1960, daktari M. G. Lewis alikuwa kwenye idara ya patholojia ya Makerere. Mwaka 1967 alichapisha kazi yake juu ya madoa ya nyayo za watu wa Uganda na melanoma zinazoota humo. Mwaka huohuo alichapisha nyingine, iliyouliza kama mwili wenyewe unapigana na melanoma. Yeye na wenzake walichukua damu za wagonjwa na kukuta kuwa baadhi walikuwa na kingamwili dhidi ya uvimbe wao wenyewe, na kwamba kingamwili hizo zilionekana kwa wale ambao ugonjwa wao haujasambaa na kupotea kwa wale ambao umesambaa. Askari walikuwapo, kisha wakanyamaza. Nani aliwanyamazisha?

Jibu lilichukua miongo. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani waligundua kuwa seli za kinga zina breki, na kwamba breki hizo zinaweza kuachiwa kwa dawa. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Pembrolizumab na nivolumab zikafuata mwaka 2014. Kabla ya hapo melanoma iliyosambaa ilitibiwa kwa dacarbazine, dawa ya tangu 1975, na wengi hawakumaliza mwaka. Mwaka 2024 yalitoka majibu ya miaka 10 ya wagonjwa waliopewa ipilimumab na nivolumab kwa pamoja: 43 katika 100 walikuwa bado hai. Kwa ugonjwa ule, miaka ile, hakuna daktari ambaye angethubutu kuiota namba hiyo.

Je, wajua kuwa melanoma ya miguuni haizisikilizi sana dawa hizo? Utafiti wa China uliowapa pembrolizumab wagonjwa wa melanoma iliyosambaa ulikuta uvimbe umenywea kwa watu 16 hivi katika kila 100 wenye aina ya akrali. Kwa Wazungu wenye melanoma za jua ni karibu mmoja katika kila watatu. Sababu yenyewe inashangaza: jua linapoiharibu seli huiachia makovu maelfu kwenye vinasaba, na makovu hayo ndiyo askari wa kinga wanayoyatambua. Melanoma ya unyayo imekulia kivulini, ina makovu machache, inapita kama mtu wa nyumbani. Hata lile badiliko la kinasaba la BRAF, lenye vidonge vyake maalumu, liko kwa nusu hivi ya melanoma za ngozi ya jua lakini kwa hii ni nadra zaidi. Baadhi ya hizi za akrali zina badiliko la kinasaba kingine, KIT, na hao wapo walionufaika na imatinib, kidonge kinachojulikana zaidi kwa saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani liliingiza nivolumab na pembrolizumab kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Orodha ni hatua; mgonjwa wa Mkinga bado yuko mbali na chupa. Mpaka hapo chupa itakapofika, kisu kilichowahi ndiyo dawa bora tuliyo nayo.

Je, wajua kuwa Segera ni njia panda ya jambo hili pia? Ukitoka Tanga mjini, kushoto unakwenda Dar es Salaam, kulia unakwenda Moshi, na safari zote mbili ni kilometa 350 hivi. Dar kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, na wanafunzi wake wametawanyika nchi nyingi za Afrika. Safari inaanzia kwenye zahanati ya kijijini, inapita hospitali ya wilaya, inapita hospitali ya mkoa ya Bombo, na barua ya rufaa ndiyo nauli yake ya kwanza.

Je, wajua kuwa anayetawadha kwa sala 5 ana nafasi ambayo daktari hana? Anaosha mguu wa kulia, anaosha wa kushoto, anapitisha kidole baina ya vidole. Mikono imeshagusa, yaliyobaki ni macho. Asiyeweza kuuinua mguu aweke kioo sakafuni, mchana, karibu na dirisha.

Je, wajua ni nani Tanga anayezitazama nyayo za watu kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote? Mpaka hina. Usiku wa kuamkia harusi bibi harusi ameegemezwa mito, mguu wake uko mapajani mwa fundi, taa imesogezwa. Kabla ya kuchora, fundi anafuta unyayo kwa kitambaa, anaugeuza, anapitisha kidole gumba kisiginoni kuona kama kuna mafuta. Anaanza na maua kwenye kifundo, anashuka, kisha piko nyeusi kwenye ncha za vidole, kisha hina nzito inafunika unyayo mzima na kucha. Ameona kila kitu kilichokuwapo, kisha amekifunika. Nilimuuliza mmoja kama huwa anaona madoa. Akasema huwa anayaona, na huwa anapitisha hina juu yake ili yasiharibu ua.

Hina hukaa kwenye gamba la juu la ngozi, lile linalojipukutisha lenyewe, na kwa wiki 2 au 3 unyayo unakuwa umerudia rangi yake. Kwenye kucha hukawia zaidi, inatoka na ukucha unavyoota. Bibi harusi wa Jumamosi hii atakuwa na nyayo safi kabla mwezi mwingine haujaandama. Alama itakayokuwa imebaki pale haikutoka kwenye hina.